Hakuna Kuwasha Kabla ya Watakatifu Wote

Wifi yangu Alphéda Michaud ni mkaidi, na nasema hivyo kwa majivuno, maana ukoo wetu haujawahi kuoa mtu mlegevu. Aliolewa na kaka yangu, akamzika kaka yangu, na mpaka leo nyumba yake inatazamana na yangu, barabara tu katikati, huku juu kabisa Maine, Marekani, ambako ukivuka mto umeshaingia Kanada.

Hapa kwetu mtu hawashi joto nyumbani kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe mosi Novemba. Si amri ya serikali wala ya padri. Ni heshima. Oktoba ikibana unavaa sweta, ikibana zaidi unaongeza la pili, na asubuhi unachungulia mabomba ya moshi ya majirani ujue nani kalegea. Mimi na Alphéda tumeshindana tangu alipokuja kwetu bibi harusi. Anayewasha kwanza anampikia mwenzake pai ya nyama ya sikukuu, na anaibeba mwenyewe kuvuka barabara, watu wakitazama. Pai si kitu. Kuvuka barabara ndiko kunakouma. Miaka yote ya karibuni aliyevuka ni yeye, na mimi nilimsubiri mlangoni, mikono kiunoni, nikijisikia malkia.

Sasa, Februari iliyopita Alphéda alianguka uani akibeba kuni. Alilala kwenye theluji mpaka nilipomwona dirishani. Mwanawe Réal, anayefanya kazi kusini huko Portland, akasema basi, Mama aje akae kwenye nyumba za wazee karibu naye. Alphéda akamjibu kwamba nyumbani kwake atatoka ndani ya jeneza tu. Wakavutana Kwaresima nzima. Mwishowe wakapatana: jiko la kuni litoke, tangi la mafuta litoke, na iwekwe pampu ya joto, ile mashine inayovuta joto kutoka hewa ya nje na kulileta ndani. Pamoja nayo kikaja kidhibiti cha ukutani, kidude chenye akili zake, kinachoamua chenyewe lini kiongeze na lini kipunguze, na kinampasha Réal habari zote kwenye simu yake. Réal akaweka mstari mwekundu humo kwenye simu. Joto la nyumba likishuka chini ya mstari, Mama anahama, hakuna kesi. Alphéda akampa mkono wa ahadi mbele yangu.

Watu walicheka sana. Pale ukumbini kanisani mmoja akamwuliza, "Hewa ya kwetu ina joto gani la kuvutwa, Alphéda?"

"Friji lako lina joto mgongoni, sivyo? Linalitoa wapi kama si kwenye maziwa baridi?" akamjibu. "Basi kunywa kahawa yako unyamaze."

Na alikuwa na haki ya kuringa. Baridi za Aprili zilimkuta amekaa na blauzi, nyumba haina harufu ya mafuta, haina majivu, haina moshi. Aliwatembeza watu wote mpaka kwenye ile mashine ya nje kama anawaonyesha mjukuu. Mimi mwenyewe nilipelekwa mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Oktoba ikaja, na mwaka huu ilikuja na meno. Theluji ilianguka majani yakiwa bado mitini. Majirani wakaanza kuwasha, mmoja mmoja, kwa aibu, mpaka tukabaki wawili. Shida ni kwamba nyumba ya Alphéda haina tena bomba la kutoa moshi, sasa nitajuaje? Nikawa kila asubuhi navuka barabara kwenda kutega sikio kwenye ile mashine yake.

"Unasikiliza nini, wifi?" akaniita kutoka dirishani. "Inapumua?"

"Nahakikisha huniibii."

"Mimi nikuibie? Nimeizima! Njoo unywe chai kabla hujagandia hapo."

Kweli aliizima. Ndani tulikaa na makoti, vikombe mikononi, na kile kidhibiti cha ukutani alikuwa amekivisha kofia ya sufi.

"Kinapata baridi?" nikamwuliza.

"Kina umbeya. Nimekifunika kisione."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini kofia haikidanganyi kipimajoto. Mchana wa siku hiyo Réal aliona mstari umevukwa, akaiwasha mashine kwa simu, yeye yuko Portland. Alphéda akasikia feni ya nje inanguruma. Loo! Alishuka chini kwenye swichi kuu akaikata ile ya mashine, huku akisema mtoto wake anataka ashindwe. Kidhibiti kina betri yake, kwa hiyo kiliendelea kuchongea kama kawaida: joto linashuka, joto linashuka.

Réal akapiga simu kwa mama yake. Mama akamwambia ni mzima, asimsumbue, akakata. Ndipo akanipigia mimi.

"Shangazi, Mama ana nini?"

"Hana kitu, mwanangu. Tunashindana. Watakatifu Wote bado."

"Mama alianguka kwenye theluji mwaka huu huu. Ana zaidi ya miaka themanini. Anakata umeme akae kwenye baridi kwa ajili ya mchezo? Shangazi, huko ndiko kupoteza akili kwenyewe. Nakuja kesho na maboksi. Alinipa mkono."

"Réal, wewe umezaliwa humo ndani. Umelala na kofia kichwani utoto wako wote."

"Kesho, Shangazi. Na usinizuie."

Nilikaa na simu mkononi, nimekasirika. Kijana amekaa kusini mno, nikawaza, amesahau ametoka wapi. Halafu nikaona kwamba kwa upande mmoja hakukosea: mkono ni mkono, na Alphéda aliutoa.

Asubuhi nikavuka barabara. Alphéda alikuwa amevaa koti la marehemu kaka yangu, pua nyekundu, anachanganya unga wa ploye, zile chapati zetu zinazokaangwa upande mmoja tu.

"Réal yuko njiani na maboksi," nikamwambia. "Washa."

"Siwashi."

"Atakuhamisha, we mwanamke!"

"Ajaribu. Nimeshakupelekea pai za kutosha. Mwaka huu nina mashine bora kuliko zenu zote, na nyote mnasema Alphéda amekuwa laini, bibi wa kubonyeza vitufe. Nikiwasha leo, ndivyo mtakavyosema mpaka nife. Thubutu! Washa wewe kwanza."

"Na nyumba je?"

Hapo mkono wake ulisimama kwenye bakuli. Alitazama dirisha, jokofu, kiti cha kaka yangu. Macho yakamlengalenga, lakini kidevu kikabaki pale pale juu. "Washa wewe kwanza," akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

Nilirudi kwangu nikimtukana njia nzima. Sikio la kufa halisikii dawa! Nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa jikoni na makoti yangu mawili. Niwaambie ukweli, niliwaza kumwacha. Baba yangu hakuwahi kuwasha kabla ya Watakatifu Wote, hata ule mwaka ndoo ya maji iliganda jikoni. Mimi sijawahi kushindwa tangu nywele zangu zilipoanza mvi. Watu wa kanisani wananijua kwa hilo kuliko kwa uimbaji wangu. Nikatazama ng'ambo. Nikaiona akilini nyumba ile na mapazia yameondolewa, kibao cha kuuza nyumba kimesimama uani, na mgeni fulani wa kutoka mbali anaegesha gari pale.

Nikashuka chini, nikawasha tanuri langu la mafuta. Lilikohoa, likashika. Nilisimama pale nikilia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa.

Moshi haukuchukua muda kutoka. Nikasikia mlango wa ng'ambo umefunguliwa kwa kishindo, na sauti ya Alphéda ikapasua mtaa:

"Odile Michaud kawasha! Jamani, tokeni mwone! Odile kawasha!"

Majirani wakatoka, wengine na mkate mkononi. Alikuwa barazani na soksi, koti la mwanamume, amenyoosha kidole kwenye bomba langu la moshi, anacheza. Anacheza, nakwambieni, na miguu ile. Kisha akaingia ndani, na baada ya kitambo nikaisikia mashine yake ikianza kuvuma polepole, haina haraka, haina moshi.

Réal alifika jioni. Nilivuka pamoja naye, maana sikumwamini yeye na maboksi yake. Akafungua mlango, akasimama kizingitini. Ndani kulikuwa na joto zuri lililoenea sawasawa mpaka pembeni. Mama yake alikuwa amevaa blauzi ya maua, anatoa ploye kwenye kikaango, na kidhibiti kimevuliwa kofia.

Réal aliweka maboksi chini. "Nilidhani nitakukuta umekufa, Mama," akasema. "Njia nzima nilidhani hivyo."

Alphéda akaacha kikaango, akamkumbatia mwanawe, na akakaa naye hivyo mpaka ploye ikaanza kuungua. "Nisamehe kwa hilo," akamwambia. "Kwa hilo tu. Swichi sitaigusa tena. Mashine ifanye kazi yake, nami nifanye yangu."

"Na mwaka ujao?"

"Mwaka ujao tutashindana hapo hapo juu kidogo ya mstari wako. Tutavaa sweta, hatutakufa. Shangazi yako akitaka ushindani wa haki, na yeye aweke mashine."

Réal akafuta macho. Akakaa kwenye kiti cha baba yake, akavuta sahani, akapaka siagi. Akatutazama, mimi na makoti yangu, mama yake na blauzi yake. Halafu akauliza swali ambalo mtu wa kusini asingeuliza kamwe.

"Kwa hiyo nani kashinda?"

Alphéda alinigeuzia uso, anasubiri, na nyusi ameinua.

"Mama yako," nikasema.

Réal alipotoka kurudisha maboksi garini, Alphéda alininyooshea sahani, hakuiachia nilipoishika. "Wewe ungevumilia mpaka sikukuu, wifi. Hata zaidi."

"Mpaka Krismasi."

"Sasa mbona umewasha?"

"We mjinga kweli," nikamwambia. "Ukihamia Portland, mimi nitashindana na nani?"