Sauti ya Bomba

Kila alipoingia chooni, fundi wa makochi alilishika bomba kabla hajashika zipu. Alilifungua mpaka mwisho, maji yakaipiga ndoo kwa kishindo, ndipo alipougeukia ukuta na kuanza kungoja. Kungoja ndilo neno lenyewe. Mwili huu uliobeba kochi zima mgongoni bila kuhema, sasa ulitoa haja ndogo kama bahili anayetoa sadaka mbele za watu: tone, kimya kirefu, kisha tone jingine lililojuta kutoka.

Choo cha karakana kilikuwa na mlango wa bati na kuta za mbao za mabaki. Nje yake tu ndipo alipoketi fundi wa kupaka vanishi, ambaye wote walimwita Kipaza, kwa kuwa siri ikimwingia sikioni ilimaliza mtaa mzima kabla chai yake haijapoa.

"Umeoga humo, kaka, au umejisaidia tu?" Kipaza alimpokea.

"Masikio yako yapumzishe, bwana."

"Yatapumzika vipi, na wewe kila saa unatuletea masika?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Seremala, rafiki yake tangu ujanani, alicheka pia, ila kicheko chake kilichelewa kidogo. Fundi wa makochi alikiona kikichelewa, akakiweka moyoni. Siku hizi alikuwa mtu wa kuweka moyoni. Wawili wakiinamiana kupima ubao, alihisi wanampima yeye. Mtu akikohoa, alijiuliza ni kifua au ni ishara. Hata maji ya kunywa alikuwa ameyasusa ili safari za chooni zipungue, na midomo yake, iliyozoea kubana misumari midogo wakati mikono ikivuta kitambaa, ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi.

Nyumbani nako shaka ilikuwa imeshatandika mkeka na kujinyoosha. Mkewe hakuwa mtu wa makelele. Alivisugua vyombo polepole, akavipanga, akajifuta mikono, ndipo akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi:

"Baba watoto, huyo mwanamke hana mume wake?"

"Mwanamke gani tena?"

"Wa chooni. Unaamka na simu mkononi, unafungulia bomba nisisikie, unakaa humo mpaka shuka inapoa. Mwenye haja hakai hivyo. Anayekaa hivyo ni mwenye maneno."

Simu ilikuwa ya kumulika njia. Alifungua mdomo aseme hivyo, aape kwa kila alichonacho, lakini kiapo kikagoma kooni, na nyuma yake akahisi kitu alichokionea haya papo hapo: nafuu. Hawara lilikuwa kosa la mwanamume. Wanaume wenzake wangemlaumu huku wakimkonyeza. Lakini hili jingine, la kusimama mbele ya ukuta na kuubembeleza mwili wako mwenyewe, nani angemkonyeza kwa hilo? Akanyamaza. Akaiacha tuhuma ikae, kama mgeni unayemjua kuwa mwongo lakini amekuokoa na mgeni mbaya zaidi.

Mkewe aliusoma ukimya ule mpaka mwisho.

"Haya," alisema. "Kesho jioni dada yangu anakuja. Utamweleza yeye. Mkimaliza, nitajua kama nafungasha au sifungashi."

Kesho yake asubuhi alikwenda kazini na kifua kimejaa misumari. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi, akivuta kitambaa, aliposikia sauti anayoijua kuliko sauti ya mama yake: bomba la chooni, limefunguliwa mpaka mwisho. Akainua kichwa. Meza ya seremala ilikuwa tupu.

"Hongera, umepata mwanafunzi!" Kipaza alimpigia kelele.

Damu ikampanda kichwani. Basi ndicho kile kicheko kilichochelewa! Rafiki wa kula naye sahani moja, leo anamwigiza mbele ya watu? Alitema misumari kiganjani, akatoka kwa hatua za mtu anayekwenda kuvunja kitu, akajisimamisha mbele ya mlango wa bati.

Maji yalianguka. Yakaendelea kuanguka. Fundi wa makochi alisimama hapo, mikono kiunoni, na kadiri muda ulivyosonga ndivyo hasira yake ilivyopoteza pa kushika. Mtu anayemwigiza mwenziwe hufanya haraka atoke, avune vicheko vyake vingali moto. Huyu hakuwa anavuna chochote. Kisha, katikati ya kishindo cha maji, akasikia mguno mdogo, ule wa mtu anayekaza meno. Aliufahamu. Alikuwa akiuguna mwenyewe.

Mlango ukafunguka. Seremala alitoka na uso uliolowa jasho.

"Unanisikiliza?" alifoka kwa kunong'ona.

"Unaniigiza?"

Walitazamana, kila mmoja akimpekua mwenziwe kama askari wa geti.

"Tangu lini?" fundi wa makochi aliuliza hatimaye.

"Tangu tulipotengeneza viti vya ukumbi. Wewe?"

"Kabla ya hapo. Hospitali umekwenda?"

"Nikafanye nini? Huwajui wanavyopima tezi dume? Mtu anavaa glavu, anakwambia lala ubavu! Mimi? Bora nife na heshima yangu."

"Heshima ipi? Mke wangu anajua nina hawara."

Seremala alijifuta jasho usoni. "Hata wangu."

"Na umemwacha ajue hivyo?"

"Kwani wewe umemwambia nini?"

Kicheko kiliwatoka wote wawili kwa mpigo, cha kuinama na kushikana mabega, watu wazima wawili waliozichonganisha nyumba zao kwa wanawake ambao hawakuwahi kuzaliwa. Fundi wa makochi alikuwa bado anajifuta machozi alipogundua kwamba anacheka peke yake.

"Leo imetoka nyekundu," seremala alisema, akitazama chini.

Ndani, bomba lilikuwa bado wazi. Fundi wa makochi aliingia akalifunga. Hakukumbuka kama aliwahi kuusikia ukimya wa choo kile.

"Chukua shati lako," alisema. "Twende."

"Mnakwenda wapi wawili wawili?" Kipaza aliuliza haraka.

"Hospitali," fundi wa makochi alijibu, bila kupunguza sauti. "Kupimwa tezi dume."

Wote walingoja mzaha. Kipaza alishikilia brashi hewani, vanishi ikimdondokea kwenye suruali.

"Mkirudi," alisema taratibu, taratibu kuliko walivyowahi kumsikia, "mtaniambia wanafanyaje."

Njiani fundi wa makochi alimpigia mkewe simu. Maneno yalikuwa mengi, akayashindwa, akasema tu: njoo hospitali.

Alikuja amevaa nguo za kwenda kwenye ugomvi, kitambaa cha kichwa kimekazwa, mkoba umebanwa kwapani. Aliangaza korido yote, benchi kwa benchi, akimtafuta mwanamke.

"Amejifungua?" aliuliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Yuko wapi?"

Kabla hajajibu, muuguzi alichungulia dirishani. Seremala alikuwa tayari ndani kwa daktari. Fundi wa makochi alipewa kikopo cha plastiki na kuoneshwa mlango mwembamba mkabala na benchi. Akamtazama mkewe, ambaye alikitazama kikopo, kisha mlango, kisha uso wa mumewe, na macho yake, ingawa yalikuwa bado na shaka, yalianza kubadilisha swali.

Ndani kulikuwa na sinki na bomba linalong'aa. Mkono wake ulilifikia kabla hajauagiza. Vidole vikakishika kichwa cha bomba, baridi, laini kuzungusha. Nje, korido ilikuwa kimya kiasi cha kusikia mtu akifunua karatasi.

Akauondoa mkono.

Akangoja. Tone likaanguka kikoponi, na mlio wake ukamjia mkubwa kama wa kitu kilichovunjika. Kimya. Kimya kirefu. Tone jingine. Uso ulimwaka, jasho likamtiririka mgongoni, na ule mguno ukamtoka bila kitu cha kuufunika.

Akasikia viatu vya mkewe vikija juu ya sakafu, polepole, mpaka mlangoni. Vikasimama.

"Baba watoto?"

"Naam."

Akasikia kiganja kikiegemea ubao wa mlango, upande wa pili.

"Usifanye haraka. Nipo hapa."