Saa Kumi ya Nani?

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na alilifanya kwa nia njema. Mtabiri wa hali ya jua alikuwa amechoka kuambiwa kwamba matangazo ya ofisi yake hayasomeki. Basi asubuhi ile, setilaiti zilipoonyesha kwamba wingu la chembe lililofyatuka kwenye jua juzi linakaribia dunia, aliandika kwa lugha ya watu: “Dhoruba ya jua itatufikia leo saa 10. Redio za masafa marefu zitakatika, na ramani za setilaiti zitadanganya.” Akatuma, akajipongeza kwa chai.

Saa mbili na nusu simu yake iliita. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, rubani wa ndege ndogo inayopeleka damu kwenye hospitali za milimani.

“Wifi, leo umeandika kama binadamu! Naruka saa tatu, saa nane nimesharudi. Hiyo dhoruba yako ya saa kumi itanikuta nimelala.”

“Kulala ndiko unakokuweza,” mtabiri alimtania, wakaagana.

Ndipo macho yake yalipopanda kwenye saa ya ukutani, ile ya ofisi, inayohesabu kuanzia usiku wa manane. Ile 10 ya tangazo aliitoa pale. Kumi ya ukutani ni saa nne asubuhi! Saa nne wifi angekuwa katikati ya milima, mawingu yamemzunguka, redio bubu.

Akampigia; simu imezimwa. Akapiga uwanjani, akapokea fundi wa ndege.

“Mzuie rubani! Asiruke!”

“Mama Jua, hata mwezi uliopita wewe ulituzuia, na hakikutokea kitu.”

Ni kweli, na mwezi huo uliopita alishikilia kwamba hakukosea. Ana kiburi chake, tusimfiche. Leo alikimeza kizimakizima.

“Nimekosea mimi. Niliandika saa kumi, kumbe ni saa nne, saa nne hii hii ya asubuhi. Lawama zote nipe mimi, ila mzuie!”

Fundi aliiacha simu mezani, na mtabiri akasikia viatu vikitimua mbio, kisha mngurumo wa injini. Mngurumo ulipanda. Akafumba macho. Ukashuka, ukazimika.

Damu ilipelekwa kwa gari. Ingechelewa, lakini ingefika. Saa nne na dakika kumi wifi alipiga simu, bado amekaa ndani ya ndege iliyosimama.

“Redio inakoroma tu. Na ramani inasema nimeegesha juu ya paa la ghala. Kule juu mawinguni, wifi, ningeiamini.”

Mtabiri alilia mbele ya wenzake wote, wala hakuona haya.

“Acha kulia, mke wa kaka. Niambie, niruke lini?”

“Sijui bado. Ngoja nilitazame jua.”

“Litazame vizuri. Nakungoja.”