Ofisi Iko Mteja

Kabla hamjaanza kumlaumu mtoto, niseme jambo moja: ile simu nilimpa mimi. Kamene hakuiiba, hakuiokota, na hakuna mvulana aliyemnunulia. Niliifunga mimi mwenyewe ndani ya soksi yake asubuhi, tukiwa mlangoni, nikamwambia aende shule. Na mkinirudisha siku ile nitaifunga tena.

Jina langu ni Ndunge. Nauza chapati na ndengu Lindi, kule Kibera, lakini nyumba iko Kawangware, chumba kimoja kwa ploti ya mzee Kimotho. Humo tunaishi watatu: mimi, msichana wangu Kamene aliye kidato cha tatu, na Susu. Sisi Wakamba nyanya ndiye tunamwita Susu, na huyu ni mama wa marehemu mume wangu. Tangu mwanawe atutoke amekataa kurudi Kitui. Anasema hawezi kuniacha mjini peke yangu na hili domo langu.

Susu ana ugonjwa wa sukari. Anadungwa sindano kila asubuhi, na siku nyingine sukari inashuka ghafla, anaanza kutokwa na jasho, kutetemeka na kutukana watu. Ikifika hapo hakubali mtu. Tabby, jirani yetu mwenye saluni pale mbele ya ploti, alijaribu kumnywesha maji ya sukari akaumwa kidole mpaka leo ukucha umepinda. Anayefunguliwa mdomo ni Kamene peke yake. Kamene hukaa kando yake, humwimbia kitu cha Kikamba polepole, halafu kikombe kinaingia. Shule yake iko nyuma tu ya ploti yetu, ukiruka mtaro umefika. Mimi nikiwa Lindi, hata nikimbie vipi, nitamkuta ameanguka kitambo.

Sheria ya kukataza simu shuleni ilipokuja, hayo yote niliyaeleza shuleni. Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Gikonyo, alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Ni mtu nadhifu, viatu vyake vinang'aa hata msimu wa matope, na hapendi kupandisha sauti. Alinitoa nje akanionyesha ukuta wa lango. Walikuwa wameandika kwa rangi ya buluu, herufi kubwa, "DHARURA? PIGA SIMU OFISINI", na nambari chini yake.

"Mama Kamene, mtoto hana haja ya kubeba simu," aliniambia. "Kukitokea kitu, nyinyi pigeni office. Tutamtoa class saa hiyo hiyo."

Nikaamini. Mimi hata huwa siamini watu haraka, lakini rangi ilikuwa mpya na maandishi yamenyooka. Nambari nikampa Tabby.

Sasa, kwetu Nairobi simu ikizimwa tunasema iko mteja. Ni kwa sababu ya yule mama wa kwenye mtandao anayekwambia mteja hapatikani. Siku hizi kila kitu kinakuwa mteja. Fundi akikukimbia na kitambaa chako, yuko mteja. Mwanamume akiambiwa una mimba, huyo naye ameshakuwa mteja.

Siku Susu alipozidiwa, alikuwa amejifungia ndani kwa komeo. Tabby alimsikia akitukana kupitia mlango. Akapiga nambari ya ukutani. Mteja. Akapiga tena, mteja. Akaacha kichwa cha mtu kikiwa nusu kimesukwa, akakimbia mpaka langoni mwa shule, akaambiwa wageni hawaruhusiwi, watoto wako kwa mtihani. Akarudi mbio, akaita wanaume wa ploti, wakavunja mlango. Walimkuta Susu ameanguka kando ya jiko, mkono wa kulia uko juu ya makaa. Hakuwa hata anajua unaungua.

Mkono huo haukunjuki tena. Susu alikuwa akisuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, tangu akiwa msichana. Sasa kamba zake ziko ndani ya gunia chini ya kitanda na yeye haziulizii.

Nilienda shuleni nikiwa na harufu ya hospitali mwilini. Mwalimu Gikonyo aliniambia pole, tena pole nyingi. Akasema simu ya ofisi ilikuwa imeisha chaji. Nilikuwa na hasira, nikaondoka bila kuaga.

Ndipo nikampa Kamene kabambe, kale kasimu kadogo ka kubonyeza, hakana picha wala intaneti, kana tochi tu. Nikamwambia Tabby akipiga, nenda. Usiulize mtu.

Wiki hazikupita nyingi. Simu ilitetemeka ndani ya soksi katikati ya hesabu. Kamene akasimama, akamwambia mwalimu, "Samahani, nyanya yangu anazidiwa," akatoka mbio, akaruka mtaro. Alimnywesha Susu, akamfuta jasho, akamlaza, na akarudi darasani kipindi hakijaisha. Alimkuta Mwalimu Gikonyo mlangoni amenyoosha mkono. Hakudanganya. Aliinama, akavuta soksi, akampa.

Hapo ndipo mambo ya nyundo yanapoingia. Shule hiyo ina desturi yake: simu ikishikwa, haichomwi wala haiwekwi kabatini. Mzazi anaitwa paredi ya Ijumaa, simu inawekwa juu ya jiwe mbele ya wanafunzi wote, na mzazi mwenyewe anapewa nyundo aivunje. Ati ili watoto waone nyumbani na shuleni ni kitu kimoja. Mzazi akikataa, mtoto anaenda nyumbani mpaka mzazi akubali. Wanafunzi wameipa hiyo nyundo jina, wanaiita Chaja, kwa sababu simu ikiguswa nayo haihitaji tena kuchajiwa.

Ijumaa hiyo nilifunga kibanda, nikavaa rinda la kanisani. Tulikuwa wazazi wawili. Mwingine alikuwa Baba Gerishon, Mluhya mmoja mpole anayeitwa Khamala, anayefanya kazi ya mjengo kule Soweto East. Kijana wake alishikwa akitazama mpira chini ya dawati. Khamala alipewa nyundo akaishika kama amezoea, lakini pigo la kwanza lilikosa simu likapata jiwe. La pili kioo kikapasuka. Gerishon aliangalia viatu vyake. Walimu wakapiga makofi, nasi tukapiga, kwa sababu ukiona watu wanapiga makofi mikono inaenda yenyewe.

Kisha jina langu likaitwa. Kabambe ya Kamene ikawekwa juu ya vipande vya kioo. Kamene alisimama kando, mikono nyuma, midomo imekauka. Najua alichokuwa akiogopa, kwa sababu tuliongea usiku kucha. Mwaka ujao ni mtihani wa mwisho. Akitolewa hapa, hakuna shule nyingine iliyo karibu na Susu. Aliniambia, "Mum, piga tu. Tutajipanga." Mtoto wa kidato cha tatu ananiambia tutajipanga.

Mwalimu Gikonyo alinipa nyundo kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Mama Kamene, karibu."

Nikaipokea. Ilikuwa nzito, na mpini ulikuwa na joto la mkono wa Khamala. Nikainama pale kwa jiwe. Nikachukua simu, nikaipulizia vumbi, nikaiwasha.

"Mama, hapana. Tunavunja, hatuwashi," akasema.

"Ngoja kidogo, mwalimu. Nataka kupiga simu moja ya mwisho."

Watoto wakaanza kunong'ona. Ukuta wa lango ulikuwa mbele yangu na ile rangi ya buluu. Nikasoma nambari kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, nikibonyeza. Nikaweka sauti ya juu, nikainua mkono wote hewani. Kabambe ni kadogo lakini spika yake ni kama ya wale wauza dawa ya panya wa barabarani. Yule mama wa mtandao hakutuangusha. Akasema, kwa ile sauti yake isiyokuwa na haraka, kwamba mteja hapatikani kwa sasa.

Paredi nzima ikalipuka. "Mteja! Mteja! Ofisi iko mteja!" Kuna kijana wa nyuma aliyeruka juu akashika kichwa. Hata mwalimu mmoja aligeuka akaangalia ukuta upande mwingine, mabega yanatetemeka.

"Kimya!" akasema Mwalimu Gikonyo, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikipanda. "Mama, hiyo ni issue ya chaji. Secretary yuko leave. Rule ni rule. Piga hiyo simu nyundo ama umchukue msichana wako muende."

"Kuvunja nitavunja, mwalimu, nyundo si ninayo? Lakini hii yangu haijakosa kitu. Iliitwa, ikaitika, mtoto akaenda, mtu akapona. Niletee ile ya ofisi. Hiyo ndiyo imeshindwa na kazi. Iweke hapa kwa jiwe, na nitaipiga mpaka msikie huko Kibera."

Hakuna aliyepiga makofi. Sitadanganya kwamba sikuogopa. Nilimwangalia Kamene, nikadhani atalia, lakini alikuwa amenyoosha shingo kama mtu anayepigwa picha.

Mwalimu Gikonyo alinipokonya simu, akaitia mfukoni. Akasema itakaa kwake mpaka Kamene amalize kidato cha nne, na Kamene asionekane shuleni mpaka mamake awe tayari kushirikiana. Nikaweka nyundo chini taratibu, nisije nikaambiwa nimeitupa. Tukatoka.

Kamene alitembea mbele yangu mpaka tukafika kwa mtaro. Hapo akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akalia. "Mum, sasa nitasoma wapi?" Nilikuwa nimeshinda mbele ya watu na sasa nilikuwa nimesimama kando ya maji machafu na mtoto asiye na shule. Niliumia, na niliapa sitamwomba mtu msamaha.

Jibu lilitoka kwa Susu mwenyewe. Jioni tulimweleza yote, naye akauliza kwa Kikamba hiyo sheria inakataza nini hasa. Kamene akamwambia, inakataza simu. Susu akafikiri, akafunua meno yake machache.

"Simu tu?" akauliza. "Si susu?"

Jumatatu tuliondoka mapema. Kamene na sare yake na begi. Mimi na kiti cha plastiki kichwani. Susu katikati, amejifunga shuka, mkono mbaya umefichwa ndani, anatembea kwa madaha kana kwamba anaenda kuolewa. Langoni alikuwa Mulwa, bawabu, Mkamba mwenzetu.

"Niaje, Mama Kamene. Huyu mtoto nimeambiwa asiingie mpaka ushirikiane."

"Nimekuja kushirikiana."

"Na huyu?"

"Huyu ndiye dharura. Mlisema niilete ofisini."

Mulwa alijikuna. Kisha akafanya kazi aliyoajiriwa kufanya: akakagua. Akafungua mfuko wa Susu, akatoa chupa ya chai, pakiti ya sukari, kikombe cha bati na Biblia ya Kikamba. Akamwomba Susu radhi, akapapasa shuka. Akatazama hata ndani ya Biblia.

"Hana simu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka staffroom. "Pita, Susu."

Niliweka kiti kwenye varanda, kando kabisa ya mlango wa ofisi ya naibu, mahali ambapo yeyote anayeingia lazima amruke Susu miguu. Nikamketisha, nikamfunika, nikaweka chupa karibu. Mwalimu Gikonyo alifika na viatu vyake vinavyong'aa akasimama.

"Mama, hii ni shule. Sio hospitali."

"Najua, mwalimu. Hospitali huwa wanapokea simu."

Susu alimtazama. Akamwita mwana wakwa, yaani mwanangu, akatoa mkono kumsalimu. Alitoa ule wa kulia. Mwalimu Gikonyo alinyoosha wake kabla hajauona, na alipotambua tayari alikuwa ameushika, ule mkono mgumu uliokunjamana, na Susu hakuuachilia. Alimsalimu salamu zote za Kikamba, za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Madirisha ya madarasa yalikuwa yamejaa vichwa.

Nikamwambia Kamene aende darasani. Akanitazama mimi, akamtazama naibu. Naibu hakusema ndiyo, lakini mkono wake ulikuwa bado umeshikwa, na hakusema hapana. Kamene akaenda.

"Atakaa hapa mpaka lini?" Mwalimu Gikonyo akaniuliza, pole pole, kama mtu asiyetaka watoto wasikie.

Nilikuwa nimeshafika ngazini. Ndengu zangu zilikuwa zimelowekwa tangu jana na Lindi walikuwa wananingoja.

"Mpaka ofisi ipatikane," nikamwambia, nikaenda kazini.