Barua ya Wakili kwa Mtani Wangu

Mume wangu Bujiku tulimzika siku ya Jumanne, na Ijumaa asubuhi mikate ilipelekwa mgodini kama kawaida. Nilisimama kuitazama ikipakiwa kwenye mkokoteni. Waliopita walisema, "Pole, Mama Ignas," nami nikawajibu, "Nimeshapoa." Nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unauona ni wako, ila hauna habari.

Mikate ile aliioka Mwanaima binti Shomari, Mzaramo wa Kisarawe. Mumewe alimleta huku alipokuwa akifanya kazi ya reli, kisha mume akaenda zake na mwanamke mwingine, yeye akabaki. Mwaka 1949 yeye na Bujiku walifanya shauri. Bujiku angeuza ng'ombe ajenge tanuri la matofali pale Maganzo, nje ya ua wa mgodi wa Mwadui. Mwanaima angeoka, maana kazi hiyo aliijua toka pwani. Kitakachopatikana wangegawana nusu kwa nusu. Hawakuandika popote. Mgodi ulipokubali kununua mikate yao kwa ajili ya wafanyakazi, kwenye mkataba liliandikwa jina moja tu, la Bujiku, kwa kuwa ndiye aliyekwenda ofisini siku hiyo. Mwanaima alibaki kuangalia moto.

Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani, tangu mababu zetu walipokuwa wakienda pwani kwa miguu na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na huna ruhusa ya kukasirika. Akitaka kuku wako anamchukua. Msibani ndipo kazi yake inapokuwa kubwa, maana wengine wote wanalia na yeye ndiye anayepaswa kuwachekesha.

Mwanaima aliifanya kazi hiyo sawasawa. Alivaa koti la marehemu na kofia yake, akajilaza mlangoni ili jeneza lisipite.

"Hatoki mtu hapa!" alipiga kelele. "Kwanza msikie. Tanuri ni langu tangu leo, mwenyewe amekwenda kulala. Na huyu mjane nitamfanya mchota maji wangu, ingawa Msukuma hata maji huyachota kama anayenywesha ng'ombe!"

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Wakwe zangu walimtupia senti ili apishe njia, akaziuma kwa meno kuona kama ni za kweli. Mimi sikucheka. Lakini siku zile tatu yeye ndiye aliyeamka kabla ya wote na kuwapikia wafiwa uji. Mimi alinilisha kwa kijiko, akinigombeza kwa sauti ya chini, "Meza, mla michembe. Usiniaibishe mbele za watu." Michembe ni viazi vyetu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Wazaramo huona sisi hatuli kitu kingine.

Baada ya wiki tatu bwana wa stoo ya mgodi, Mzungu, aliniita. Aliponiona alisimama akanipa kiti chake, yeye akakaa juu ya kreti. Alinieleza kwamba mkataba ulikuwa wa marehemu, na marehemu hawezi kuleta mikate. Kabla ya mwisho wa mwezi nilete karatasi ya wakili inayoonyesha biashara ile ni ya nani, aandike mkataba mwingine. Nisipoleta, tenda itatangazwa upya.

"Tafuta wakili anayejua mambo ya biashara," alisema. "Hawa wa kesi za ugomvi hawatakufaa. Shinyanga yuko mmoja, Bwana Trivedi."

Nilipanda lori la pamba hadi Shinyanga. Dereva alimhamishia utingo wake nyuma ili mimi nikae mbele.

Bwana Trivedi alikuwa Mhindi mwembamba mwenye miwani, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa. Karani wake aliitwa Donatus, kijana Mhaya aliyesomea misheni. Donatus aliniletea maji katika glasi, akaniwekea kiti mahali pasipopigwa na jua. Wakili akauliza, karani akaandika.

"Mumeo aliacha wosia?"

"Hakuacha."

"Ndugu zake wanaidai biashara?"

"Hawaidai. Wao wana ng'ombe wao."

"Mama, fikiri vizuri. Tangu mumeo afariki, kuna mtu yeyote aliyesema kwamba tanuri hilo ni lake?"

"Yupo."

"Nani?"

"Mwanaima binti Shomari."

"Ni ndugu?"

"Si ndugu. Ni mwokaji."

"Alisema nini hasa?"

"Alisema tanuri ni lake tangu siku ile, na mimi atanifanya mchota maji."

Kalamu ya Donatus ilisimama, akanitazama kwa huruma. "Alisema siku gani, mama?"

"Siku ya mazishi."

"Mbele ya mashahidi?"

"Mbele ya watu wote."

Bwana Trivedi alivua miwani akaifuta. Aliniambia nisiogope, kwamba sheria inawalinda wajane, na kwamba atamwandikia mwanamke huyo. Nikamwambia, "Haya." Nilitia sahihi jina langu, Scolastika, kwa herufi nilizofundishwa na katekista. Nilijibu nilichoulizwa, wala sikuongeza neno. Hata kwamba nusu ya biashara ilikuwa ya Mwanaima sikusema, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Lori la kurudi lilipopita Ibadakuli nilikuwa nimeshasahau nilichosema.

Jumatano ya wiki iliyofuata Mwanaima alikuja uani kwangu na bahasha. Mikono yake ilikuwa na unga hadi kwenye viwiko. Yeye hakujua kusoma. Barua zake zote nilimsomea mimi.

"Nisomee, mjane," alisema akajitupa kwenye mkeka. "Imepigwa mashine. Nadhani Mzungu wa stoo ananitaka. Kama anaahidi nyumba ya bati, ruka salamu uende hapo moja kwa moja."

Nikafungua, nikasoma.

"Kwa Bibi Mwanaima binti Shomari. Tumearifiwa na mteja wetu, Bibi Scolastika, mjane wa marehemu Bujiku, kwamba siku ya mazishi ya marehemu ulidai mbele ya mashahidi kuwa tanuri lake ni mali yako, na ukatishia kumfanya mteja wetu mtumishi wako. Unaonywa kuacha madai hayo. Unatakiwa usiguse tanuri wala chombo chochote cha biashara hiyo baada ya siku saba, la sivyo utafikishwa mahakamani."

Nilisoma hadi mwisho, na jina la wakili nikalisoma. Nilikuwa nasikia sauti yangu kama ya mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Nilipomaliza niliikunja nikamrudishia.

Nilimngojea anitukane. Angenitukana siku ile, ningejiona tajiri. Lakini Mwanaima alianza kuubandua unga kwenye vidole, kimoja baada ya kingine.

"Ni maneno yako haya?" aliuliza.

"Ni yangu."

"Ulimwambia ni mtani wako aliyesema?"

"Sikumwambia."

Akainuka, akavua aproni, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya mkeka.

"Asante kwa kunisomea, Bibi Scolastika," alisema.

Miaka minne hakuwahi kuniita Bibi. Nilimtazama akitoka, akilifunga lango nyuma yake polepole, kama mgeni.

Alhamisi nilioka mwenyewe. Unga haukuumuka, na chini mikate iliungua. Bwana wa stoo aliugonga mmoja kwa kidole, akanitazama mimi na nguo zangu nyeusi, akasema, "Kesho itakuwa mizuri," akaipokea yote. Jioni jirani yangu Zipora aliniletea mboga, akaniambia Mwanaima anaaga watu. Ataondoka na treni ya Jumamosi jioni, kurudi kwao Kisarawe.

"Mama Ignas, hulii?" Zipora aliniuliza.

"Silii."

"Basi kula."

Ijumaa sikuoka, nilikuwa tena kwa wakili. Safari hii nilisema yote bila kuulizwa: utani, koti la marehemu, senti zile, uji, nusu kwa nusu. Donatus aliweka kalamu chini, akashika kichwa.

"Mama yangu," alisema, "sisi Bukoba hatuna utani na Wazaramo. Mimi ningejuaje?"

"Usingeweza kujua, mwanangu."

"Kosa ni langu," alisema Bwana Trivedi. "Niliuliza nani anadai. Sikuuliza nani alisaidia." Palepale aliandika barua ya kuifuta ile ya kwanza, na hakutaka malipo. Kisha akaandika mkataba wa ushirika wenye nafasi mbili za sahihi, yangu na ya Mwanaima, akanifafanulia kila kifungu kwa kidole. Kila mmoja ana nusu. Mmoja akifa, nusu yake ni ya watoto wake. Hakuna anayeweza kumfukuza mwenzake.

"Akitia sahihi, mgodi utaupokea," alisema. "Lakini mama, karatasi haitamrudisha. Inaweza kusema tu kwamba amerudi."

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Mwanaima. Chumba kilikuwa kimefagiwa. Kitanda hakikuwa na tandiko, na katikati ya sakafu lilikaa sanduku lake la bati limefungwa kwa kamba. Alinipa kigoda.

"Karibu uketi, Bibi. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama. Nimekuletea barua nyingine. Hii inaifuta ile."

"Nashukuru. Lakini barua moja imenitosha."

"Ni ya kukuomba radhi."

"Sina kinyongo, Bibi. Hakuna ubaya."

"Na huu ni mkataba. Nusu ni yako."

"Mungu akubariki. Mikate utampata mwingine wa kukuokea. Yuko yule Mmanyema wa Kolandoto, anajua."

Kila nilichosema alikipokea kwa adabu, na kila adabu ilinisukuma hatua moja nyuma kuelekea mlangoni. Nilitaka kulia ili aone. Machozi sikuwa nayo. Nilikaa kwenye kigoda nikitazama kamba za sanduku, nikafikiri: huyu kwangu si mtani tena, amekuwa mtu wa heshima tu, na mtu wa heshima hupanda treni akaenda zake.

Nikainuka. Nikaliinua lile sanduku, nikalitwika kichwani. Lilikuwa zito, likanikandamiza shingo. Nikatoka nalo nje, nikasimama katikati ya njia penye watu wa sokoni, nikasema kwa sauti, bila tabasamu, maana tabasamu sikuwa nalo:

"Jamani, sikieni! Mzaramo amekufa humu ndani! Kafa jana, na hakuna wa kumlilia. Mimi nimekuja kurithi!"

Watu waligeuka. Mwenye mkungu wa ndizi aliutua. Mzee mmoja alisema, "Yesu wangu, Mama Ignas ameshikwa na wazimu." Mimi nikaanza kutembea kuelekea kwenye tanuri. Nyuma yangu hakukuwa na sauti. Nilipita kwa fundi baiskeli, nikapita duka la Mwarabu, na bado palikuwa kimya. Nilidhani nimekosea mara ya pili, na safari hii mbele ya soko zima.

Ndipo nikasikia malapa yanapiga mbio.

"Mwizi! Mkamateni! Mla michembe ameniibia!"

Sikugeuka. "Maiti haisemi," nilijibu.

"Maiti gani? Lete sanduku langu, wewe mchunga ndama! Wewe uliyenyolewa kwa kipande cha chupa!"

"Nenda kanishtaki. Mwenye wakili ni mimi."

Soko likaangua kicheko. Mwanaima alinifikia, akashika upande mmoja wa sanduku, nikadhani atalivuta. Hakulivuta. Alilishika tu, akalipunguza uzito, na tukatembea hivyo, mimi mbele na yeye pembeni, akinitukania watu wa ukoo wangu mmoja baada ya mwingine, bila kumruka yeyote.

"Umeweka nini humu?" nilimwuliza. "Mawe?"

"Unga wako. Ulidhani naondoka mikono mitupu?"

Tulifika kwenye tanuri tukalitua. Lilikuwa baridi, na ndani kulikuwa na mkate wangu mmoja ulioungua ambao niliusahau. Aliutoa, akauzungusha mkononi, akautazama juu na chini.

"Mtume!" alisema. "Na mikate ya namna hii uliwapa watu wakala?"

"Waliipokea."

"Kuna watu wema duniani."

Kisha akaona nimeshika ukuta, akaniketisha juu ya magogo, akaniletea maji. Alikoka moto mwenyewe. Sikulia siku ile wala nyingine nyingi zilizofuata, na yeye hakuniuliza. Treni ilipopiga honi huko Shinyanga hatukuweza kuisikia, ni mbali. Yeye alikuwa anakanda, nami nachekecha.

Jumatatu tulipanda lori pamoja. Ofisini Donatus alisimama akamwambia, "Shikamoo, mama," naye akamjibu, "Marahaba," akamwuliza kama Wahaya wote huandika haraka namna ile bila kufikiri. Bwana Trivedi aliusoma mkataba wote kwa sauti. Mimi niliandika jina langu. Mwanaima alibonyeza dole gumba kwenye wino, akalibandika kwenye karatasi kwa nguvu kama anayebandika chapati. Kisha akatafuta pa kulifutia. Hakukuwa na kitambaa, akalifutia kwenye kaniki yangu.

Nilimwacha afute.