Daktari wa Sura ya Saba

Chumba cha vifungo hakikuwa na mashine, ndiyo maana waliweza kusomeana. Wanawake walishona vifungo vya makoti kwa mkono, mmoja akisoma kwa sauti, na wenzake wakimshonea makoti yake ili hesabu yake isipungue. Mlango ulifungwa kwa nje mpaka mzigo uishe. Simu zao alikaa nazo msimamizi.

Siku hiyo alisoma mkubwa wao, waliyemwita Shangazi. Kitabu kilikuwa riwaya nene ya falsafa. Katika sura ya saba watu wa riwaya waligundua kwamba wametungwa, wakaacha shughuli zote na kubishana kama mtu wa kutungwa anaweza kulaumiwa kwa makosa yake.

"Hawa wameshiba," alisema mmoja, akikata uzi kwa meno. "Mwenye njaa hajiulizi kama yupo."

"Mimi nawahurumia. Kuendeshwa na mtu usiyemwona, we unaona mchezo?"

Wakacheka kidogo. Aliyeitwa Kimya hakucheka. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa nyumbani na homa kali, kaachwa kwa jirani. Asubuhi aliomba ruhusa akaambiwa makoti kwanza. Sasa kwa hofu alikiinamia kitabu, akasema na daktari, mmoja wa watu wa sura ile.

"Shikamoo, daktari. Kwa vile umeshajua wewe ni wa karatasi, pita chini ya mlango ukamtazame mwanangu."

Daktari aliona ni ombi la haki. Akatoka kwenye ukurasa, akavaa kofia yake, akapita chini ya mlango. Shangazi akaendelea kusoma, akiruka mistari iliyobaki mitupu.

Alirudi mapema.

"Mkoba wangu mtupu," alisema. "Mwandishi aliandika nina mkoba. Hakuandika kilichomo."

"Mwandishi mvivu," alisema Shangazi.

"Wala hakuniandikia masomo. Ni koti tu, kofia na mkoba."

"Basi rudi ukamshike mkono," alisema Kimya. "Mwambie mama yuko njiani."

Akaenda.

Aliporudi mara ya pili alikuwa amevua kofia. Alisema mtoto aliuliza mama yuko wapi, akamjibu kama alivyoagizwa, na mtoto akaamini mpaka mwisho.

Kimya alilia kwa sauti. Uchungu uliwaingia wote, lakini hakuna aliyeweka sindano chini. Walivuta makoti yake wakagawana, washone haraka atoke.

Jioni msimamizi alifungua mlango kukagua kazi.

"Mwanangu amefariki," alisema Kimya. "Niruhusu niende."

"Pole sana, mama. Mkimaliza yaliyobaki, utaenda."

Kisha akamwona daktari, kasimama na mikono mitupu.

"Na wewe, unajua kushona vifungo?"

"Sikuandikiwa," alijibu daktari.

"Utajifunza," alisema msimamizi, akampa sindano, akatoka na kufunga mlango.