Rangi Chini ya Bolti

Mimi ni fundi umeme wa magari, na nina mdomo. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia. Pale gereji wananiita Profesa, na jina hilo limenivimbisha kichwa miaka mingi, nisijue kwamba nusu ya wanaoniita hivyo wananicheka.

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja, anafanya kazi hapo hapo. Tunamwita Tochi kwa sababu muda wote ana tochi mdomoni na kichwa ndani ya dashibodi. Kazi nimemfundisha mimi. Jumatatu iliyokuwa inakuja alikuwa akabidhiwe shimo lake, lile handaki la kufanyia kazi chini ya gari, awe na magari yake na wateja wake. Alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka minne, akinishikia spana na kuvumilia kelele zangu.

Alhamisi asubuhi akaja mkunga mstaafu kuchukua gari aliloachiwa na marehemu mumewe. Kigari cha michezo, viti viwili, kimelala chini, kikongwe kuliko Tochi. Kilikuwa kimetoka kupakwa rangi nyekundu upya, mpaka uvunguni. Baada ya rangi, Tochi alifunga nyaya zote za dashibodi na swichi. Mimi nilirudishia betri, stata inayozungusha injini iwake, na waya wa athi, ule mkanda wa shaba unaounganisha injini na bodi ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri.

Yule mama akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka vizuri tu. Stata ikasema tik, basi. Akazungusha tena. Tik. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaacha simu zao. Mwenye gereji akatoka ofisini polepole, na akitembea polepole ujue amekasirika.

"Nyaya kafunga nani?" akauliza.

"Tochi," nikasema. "Na nilimwambia asikurupuke."

Sikuwa nimemwambia kitu. Niliona watu wananitazama, mdomo ukanitangulia.

Tochi akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie, "Kaka, tupime athi kwanza."

"Athi nimefunga mimi," nikamjibu, na mimi sikushusha sauti. "Leo ndiyo unanifundisha kazi? Umeanza kunipanda kichwani, eh?"

Mwenye gereji akamtazama Tochi. "Weka vifaa chini. Utaosha vipuri. Na hilo la Jumatatu tusiliongelee tena."

Akaviweka. Akachukua beseni akaenda kukaa karibu na ukuta.

Nikaanza kutafuta kosa lake. Nasema kweli, nililitafuta kwa hamu. Nikabomoa dashibodi nzima, nikakuta kila waya umefungwa kipande cha karatasi chenye mwandiko wake: taa, honi, stata. Hapakuwa na hata kiungio kimoja kilicholegea. Nikapima betri, iko sawa. Nikapima waya mdogo unaoiamsha stata, umeme unafika wote. Saa nzima ilipita nikivunja kazi safi ya mdogo wangu na kuirudishia.

Mwishowe nikashika mita, ncha moja kwenye injini, nyingine kwenye bodi, nikamwomba mama azungushe ufunguo. Kama athi ni nzima, mita haitakiwi kusogea. Ikapanda mpaka volti tisa.

Nikaingia chini ya gari, nikafungua bolti ya athi. Chini yake rangi ilikuwa nzima, nyekundu, nene, inang'aa. Niliufunga ule mkanda juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi, na somo la kwanza kabisa nililompa Tochi lilikuwa hilo: kwangua mpaka uone chuma. Siku ya kuifunga athi hii nilikuwa nabishana na mtu wa matairi kuhusu mechi ya mpira, nikakaza bolti huku nageuka kumjibu.

Nilitamani nibaki uvunguni mpaka watu waende zao. Badala yake nikakwangua rangi, nikaiokota yote kwa kitambaa, kipande kwa kipande, nikakaza bolti. Nikatoka, nikapitia kwenye pipa la oili chafu, nikatumbukiza kile kitambaa. Ndipo nikamwambia mama ajaribu.

Gari likawaka mara moja. Wale wa kwenye benchi wakapiga makofi. Mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yanamlengalenga, akasema, "Asante, mwanangu. Nilidhani ndiyo basi tena." Mwenye gereji akanipiga bega. "Profesa ni Profesa," akasema.

Nikamtazama Tochi. Alikuwa anasugua kabureta kwa brashi, hakuinua kichwa. Nikamgeukia mwenye gereji.

"Bosi, kosa ni langu," nikasema. "Nilifunga athi juu ya rangi. Nyaya za Tochi hazina tatizo. Nimemwangushia jumba bovu."

Mwenye gereji akacheka, tena kwa upendo.

"Wewe ukafunge athi juu ya rangi? Acha, bwana. Najua ni mdogo wako, unamkingia kifua. Ila kazi ni kazi."

"Wallahi ni mimi."

"Ndugu wa hivi siku hizi hawapo," mama akamwambia mwenye gereji. Akamgeukia Tochi kule ukutani. "Binti, una bahati ya kaka."

Nikaapa tena, nikaeleza habari ya mita, kila neno likazidi kunipandisha cheo. Mama akaondoka na gari lake. Mwenye gereji akarudi ofisini, bado anatabasamu.

Nikaenda ukutani, nikachuchumaa mbele ya beseni. Tochi alikuwa amevimba macho.

"Ile rangi uliyokwangua iko wapi?" akauliza. "Nikamwonyeshe."

"Niliitupa kwenye pipa la oili."

Akaacha kusugua.

"Uliitupa kabla gari halijawaka, au baadaye?"

"Kabla," nikasema. "Nilitaka isionekane."

Akatikisa kichwa kidogo, akavuta beseni upande wake, akaendelea kuosha.