Matcha Laini ya Afisa Uhusiano

Jumamosi saa nne asubuhi, afisa uhusiano alimwaga vijiko viwili vya unga wa matcha, chai ya kijani ya Kijapani, kwenye maji yanayotokota, akakoroga kwa uma, akapata madonge. Akaongeza maziwa, madonge yakaelea. Mkurugenzi na mwanasheria wa ofisi walikuwa njiani kuja, na wiki nzima kazini alikuwa amejipiga kifua kwamba matcha ya kwake inaishinda ya mkahawani. Ukweli ni kwamba alikuwa hajawahi kuitengeneza.

Mama yake, aliyehamia kwake mwezi uliotangulia na begi moja, alichungulia bakuli. Alikuwa amefanya kazi ya udobi miaka thelathini na mmoja.

"Umeufanya kama wanaoharibu wanga wa kupigia nguo pasi," alisema. "Unga mkavu hautaki maji ya moto ghafla. Lete chujio, mwanangu."

Aliuchekecha unga mpaka ukawa mwepesi kama poda ya mtoto. Akautia maji ya uvuguvugu, kidogo tu, akauponda ukawa rojo. Ndipo akaongeza maji na kuupiga kwa mchapo, kile kifagio kidogo cha mwanzi kilichokuja na unga, mkono ukienda mbele na kurudi nyuma, bila kuzungusha, hadi povu likatanda. Maziwa aliyatia kwenye chupa ya jamu, akaifunga, akaitikisa kwa nguvu. Binti alimaliza kikombe kizima akiwa amesimama.

Kengele ililia mama akiwa bado na aproni. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja kwa sabuni ya miaka yote ile. Mkurugenzi alionja, akafumba macho.

"Nani katengeneza hii?"

"Dada wa kazi," alijibu afisa uhusiano. "Nilimfundisha mwenyewe."

Aibu ilimpanda papo hapo, lakini neno lilikwisha kutoka. Mama aliweka trei mezani, akasema, "Karibuni," akarudi jikoni. Alipofika huko alikuwa amepungua urefu wa shubiri moja.

Jioni alikaa na sindano akipunguza gauni lake. "Usijali," alimwambia bintiye. "Mimi sina cheo cha kupoteza. Wewe unacho."

Wageni walinogewa, wakawa wanakuja kila Jumamosi. Kila Jumamosi mama aliitwa dada wa kazi, na kila Jumamosi alipungua shubiri. Ya tatu alipanda kigoda ili aifikie meza. Ya sita alisimama juu ya meza yenyewe, akiukumbatia mchapo kama mtu anayetwanga. Matcha ilizidi kuwa laini, kwa kuwa sasa kila donge alikuwa akiliona kwa karibu.

"Mama amepungua," alisema mwanasheria, ambaye kama watu wengi wenye adabu alimwita kila mwanamke mtu mzima mama.

"Umri huo," alisema mkurugenzi, akasogeza kikombe aongezewe.

Katika nyumba ile, mtu pekee ambaye hakumwita mama mbele za watu alikuwa mwanawe.

Alhamisi iliyofuata afisa uhusiano alikwenda duka la nguo za watoto. Muuzaji alimuuliza mtoto ana umri gani. Akajibu, miaka sitini na minane. Muuzaji alipekua rafu, akasema saizi hiyo imekwisha, ajaribu duka la wanasesere la mlango wa pili. Akiwa kule, ameshika kigauni cha maua kinachoenea kiganjani, afisa uhusiano alilia mbele ya wateja. Alijionea haya kuliko alivyowahi kumwonea haya mama yake. Mama alikuwa amebaki shubiri moja tu, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Akiitwa dada wa kazi mara moja tena, angekwisha.

Siku ilipofika mama alisimama kando ya vikombe na kigauni chake kipya. Binti alipiga moyo konde, akainuka.

"Nina neno," alisema. "Huyu si dada wa kazi. Huyu ni mama yangu, ndiye aliyenizaa. Alikuwa dobi. Matcha mnayoisifu ni ya kwake, mimi sijui hata kuikoroga."

Mkurugenzi alimtazama afisa wake, akatazama meza, kisha akarudisha kikombe kwenye kisahani taratibu. Uso wake ulianza kubadilika. Wa kwanza kuuona uso ule alikuwa mama, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amezisoma nyuso za wenye nguo kabla hawajafungua mdomo.

"Bosi wangu huyu, utani haumwishi," alisema, kwa sauti nyembamba iliyosikika vizuri. "Jamani, hebu nitazameni. Mimi nitamzaaje mtu mkubwa hivi?"

Mwanasheria alicheka mpaka akatoa leso. Mkurugenzi naye akacheka, akashika tena kikombe. Afisa uhusiano alikuwa bado amesimama. Macho ya mama yake yalimwangalia kutoka mezani, na nafasi ya kulirudia neno lake ilikuwepo, tena ndefu ya kutosha.

Akacheka pamoja nao.

Mama, ambaye sasa alikuwa amebaki vidole viwili, akauliza nani aongezewe.